Mama ana kanseri nyeusi pa kisigino, baba mudogo ana uvimbe inarudi kila mara: ni jeni za familia?

Dada yangu wa Kadutu, pole sana na mama, na asante kwa kutuma karatasi zote mbili juu bila karatasi ningekuwa nabahatisha tu. Nafupisha swali lako ili na wengine wafuate. Mama, mwenye amelima Kabare maisha yake yote, alitokewa na alama nyeusi pa kisigino, mukafikiri ni mwiba, kisha ikavimba, ikapasuka, ikaanza kutoa damu. Walimupasua, kipande kikatumwa labo ya nje, majibu yakarudi: melanoma, yaani kanseri ya seli za rangi ya ngozi, na jeni mbili zenye walipima: BRAF haina badiliko, KIT iko na badiliko. Baba mudogo wa Bagira naye ana uvimbe ngumu pa kifua, mara ya kwanza walimuambia ni keloidi, kovu lenye linavimba, wakaikata na kuitupa, ikarudi, mara ya pili kipande kikaenda labo na wakaandika dermatofibrosarkoma, kanseri ya nyama ya ndani ya ngozi, na sasa inatokea tena pale pale pembeni ya kovu lakini mutu mwenyewe ni muzima, anakula, anapanda vilima vya Bukavu bila shida. Unauliza kwa nini ya mama ni nyeusi na ina haraka, ya baba mudogo ni ngumu na haihame nafasi yake, kama ni jeni njo zinaleta ile tofauti, na kama ni jeni, basi wewe na watoto wako mungojee nini.

Naanza na yenye inakunyima usingizi. Hapana, hakuna kitu mu zile karatasi mbili chenye kinaonyesha ugonjwa wa familia. Watu wengi wakisikia "jeni" wanaelewa kurithi, na huko mitaani wanaanza kusema ile nyumba iko na damu mubaya, maneno yenye yanaumiza mugonjwa kuliko ugonjwa. Jeni ziko mu kila seli ya mwili, karibu 20,000, na kila seli ikigawanyika inazikopi zote, na mu kukopi makosa yanaingia. Kosa lenye liliingia mu seli moja ya kisigino cha mama, akiwa tayari mutu mukubwa mwenye watoto, linabaki mu ile seli na mu seli zenye zinazaliwa nayo, basi. Halikuwa mu yai lenye ulitokea, haliko mu damu yako. Ya baba mudogo ni vile vile, na tena yeye na mama hawachangie hata damu, ni ndoa tu iliwakutanisha. Ni mambo mawili tofauti yaliangukia nyumba moja, na najua ni mzigo, lakini si laana na si ukoo.

Sasa tofauti zao. Mi kazi yangu ni anapati, vipande vya nyama vinakuja mu formoli, ile dawa ya kuvitunza visioze, na naviangalia mu mikroskopu, na kitu chenye nataka ushike ni kwamba sura ya uvimbe na tabia yake vinatoka pa mambo matatu yakiwa pamoja: ni seli ya aina gani imeharibika, ni jeni gani imeguswa, na ni nafasi gani ya mwili. Jeni peke yake haitoshe kueleza, utaona hapa chini.

Melanoma inatoka mu seli za rangi. Ziko chini kabisa ya ile ngozi ya juu, zinatengeneza melanini, ile rangi yenyewe, na kuigawia seli jirani. Mutu mweusi na muzungu wako na hesabu ya hizi seli karibu sawa, tofauti ni wingi wa melanini na namna inapakiwa. Uvimbe ikizaliwa na seli ya rangi inaendelea na kazi ya mama yake, inatengeneza rangi hata kama imeshapotea njia, njo maana ni nyeusi. Tena kina nacho kinabadilisha rangi kwa macho: melanini ikiwa juu juu unaona nyeusi ao kahawia, ikiwa ndani sana unaona bluu. Kuko vidoti vya bluu vyenye vinatokea utotoni, seli zake zimelala ndani ya ngozi na mara nyingi badiliko liko mu jeni ya GNAQ, na karibu vyote havidhuru mutu. Lakini kuko melanoma zenye zimeacha kutengeneza rangi, zinatokea pinki ao nyekundu sawa nyama mbichi ya kidonda, na hizo njo zinatuumiza roho sana kwa miguu juu kila mutu anaona kidonda cha kawaida, wanafunga, wanafungua, wanabadilisha dawa miezi na miezi na kipande hakijaenda labo hata mara moja.

Melanoma zenye utasoma ku intaneti ni zaidi za wazungu, za mugongo na mapaja, zenye jua ilichangia. Jua inaacha alama yake mu jeni, herufi zenye jeni imeandikwa nazo, C zinageuka T, na mara nyingi mbili zinageuka pamoja pale C mbili zilikuwa pembeni pembeni, na ukisoma jeni za uvimbe unaona wazi kama jua ilipita hapo. Kwa melanoma ya chini ya muguu, ile alama ya jua ni kidogo sana ao haiko kabisa. Chenye unakuta ni kromozomu, zile nyuzi zenye zinabeba jeni, zimevunjika, vipande vimepotea, vingine vimejirudia mara nyingi. Kwetu weusi melanini inatukinga na zile za jua, kwa hiyo yenye inabaki ni hii ya chini ya muguu, ya kiganja na ya chini ya kucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya kucha ya kidole cha muguu, iligunduliwa 1977, akafa 1981 akiwa na miaka 36.

Kati ya vile vipande vyenye vinajirudia kuko chenye kinabeba jeni ya CCND1, jeni yenye inasukuma seli igawanyike. Na hapa kuko kitu kimoja cha maana sana kwa mama: wataalamu waliangalia ngozi yenye inaonekana safi kabisa pembeni ya melanoma ya muguu, ngozi yenye mi mwenyewe nikiiweka mu mikroskopu naweza kusema haina kitu, na wakakuta mule seli moja moja za rangi zenye tayari ziko na ile CCND1 ya kuzidi. Kwa macho ni ngozi, kwa jeni ni uvimbe imeshaanza. Kwa hiyo docta akisema anarudia kukata pembeni, sentimetri moja kama melanoma ilikuwa nyembamba, mbili kama ilikuwa nene, asikasirikiwe, hakate nyama nzuri ya mutu bure.

Na KIT? Hii jeni mi naipenda kuieleza juu inaonyesha kazi yake pande zote mbili. Mutoto akiwa mu tumbo, seli za rangi hazizaliwe mu ngozi, zinatoka pa mugongo, pembeni ya nafasi yenye uti wa mugongo unatengenezwa, na zinatembea mpaka kufika kila kona ya mwili. KIT njo inaziambia zitembee na ziishi. Kuko watu wenye wanazaliwa na KIT zaifu, na hao, ngozi ya paji la uso na ya tumbo inabaki na mabaka meupe, na kifungu cha nywele za mbele ni cheupe tangu kuzaliwa, juu seli za rangi hazikufika kule. Sasa geuza: KIT yenye imebaki inawaka wakati wote, hakuna mwenye anaizima. Seli za rangi zinaanza kusambaa tena, moja moja, zikifuata ile mustari wa chini ya ngozi ya juu. Ukiangalia kwa macho unaona doa sawa wino umemwangika, bila kuvimba, mipaka haieleweke, upande moja ni nyeusi sana upande mwingine ni kahawia, inapanuka pole pole, inaweza kuchukua muda murefu ikiwa bapa vile. Halafu siku moja kundi la seli linapata makosa mengine juu ya yale ya kwanza, linaanza kushuka chini, na hapo njo mutu anaona inavimba na inatoa damu. Ile historia yenye uliniandikia, alama kwanza, kuvimba baadaye, kidonda mwisho, ni ile ile yenye jeni inaeleza.

Angalia nyayo yako mwenyewe karibu na taa. Utaona mistari, yenye imeinuka na yenye imeingia ndani, sawa yenye iko pa kidole chenye unapigia kura. Kidoti cha kawaida cha chini ya muguu, rangi yake inakaa zaidi mu mistari yenye imeingia ndani. Melanoma, rangi inakaa juu ya ile yenye imeinuka, pale matundu ya jasho yanatokea. Wajapani njo walifanya hii kazi sana juu na kwao melanoma ya muguu ni nyingi kuliko zingine, na dermatolojisti mwenye kile kioo chake cha kukuza anaiona vizuri. Usijipime mwenyewe na simu kisha ukatulia, lakini ukiona alama nyeusi chini ya muguu yenye inapanuka, hiyo inatosha kukuondoa nyumbani.

Tufike pa BRAF juu uliuliza kwa nini walisema "haina", uliogopa ni habari mbaya. Mu mwaka 2002 waligundua kwamba melanoma nyingi, karibu nusu ya zile za ngozi kwa wazungu, ziko na badiliko mu BRAF, na karibu kila mara ni nafasi ile ile moja, namba 600. Zile melanoma ziko na sura yao: wagonjwa ni wadogo kidogo kwa umri, ni pa mugongo na kifua, seli ni kubwa, za muviringo, zimejaa rangi, zinakaa vikundi vikundi na zinapanda juu mu ngozi, na mupaka wao na ngozi nzima unakatika wazi. Yaani mutu mwenye mazoezi anaweza kuangalia mikroskopu na kusema hii pengine ni BRAF hata mbele ya kupima. Ya mama haifanane vile. Na dawa ya kuzima BRAF, vemurafenibu, yenye Marekani ilikubali mu 2011, haina kazi kwake. Si kwamba tu haina kazi: seli yenye BRAF yake ni nzima, ile dawa inaweza kuisukuma zaidi. Hii ilionekana kwa wagonjwa wenyewe, walikuwa wanakunywa dawa, melanoma inapungua, na hapo hapo vinyama vya kanseri ya aina ingine vinaota mu ngozi yao kwa wiki chache tu, juu mule kulikuwa seli zingine zenye jua ilishaharibu jeni ya HRAS, zilikuwa zimetulia miaka, dawa ikaziamusha. Kwa hiyo mutu akikuletea hizo dawa eti zimetoka Ulaya, zinaponesha melanoma, usimupatie mama. Dawa inafuata jeni, haifuate jina la ugonjwa.

Lakini sasa sikia hii, juu njo inavunja ile mawazo ya "nina jeni ya kanseri basi nimekwisha". Vidoti vyeusi vya kawaida, vyenye karibu kila mutu ako navyo, karibu 80 kwa 100 ya vile vyenye vinatokea baada ya kuzaliwa viko na badiliko la BRAF lile lile la melanoma. Lile lile! Seli inapata badiliko, inagawanyika mara nyingi, inafanya kidoti cha milimetri chache, halafu jeni za kuzuia zinaifungia, inasimama, inakaa vile miaka 40, 50, haiendi popote. Ili itoke pale inahitaji makosa mengine, mara nyingi kupoteza jeni ya CDKN2A yenye inashika breki, na kuwasha jeni ya TERT yenye inaifanya isizeeke. Na vile vidoti vidogo vidogo vyeusi vyenye mama zetu wako navyo pa mashavu na chini ya macho, vinaongezeka na umri, wengine wanaona ni urembo wengine wanalipa kuvichoma: mule tunakuta mabadiliko ya FGFR3, jeni ile ile yenye inapatikana mu kanseri ya kibofu cha mukojo. Na pa mashavu hazifanye kanseri. Jeni moja, seli tofauti, tabia tofauti. Ndiyo maana nilisema pale juu jeni peke yake haitoshe.

Kwa nini ya mama ina haraka basi? Sehemu moja ni ile asili ya seli za rangi zenyewe, ni seli zenye zilijua kutembea toka tumboni, na melanoma inaamusha tena ule uwezo, inaingia mu njia za maji ya mwili mpaka ku maganglio, vile vitezi, ya pa kinena. Lakini chenye kinaamua zaidi, kuliko KIT, kuliko BRAF, ni unene wakati waliitoa. Tafuta mu karatasi neno Breslow, njo jina la ule unene, na namba ya milimetri. Chini ya 1 na juu ya 4 ni magonjwa mawili yenye jina moja, nasema hivi bila kuzidisha. Mu picha ya karatasi yenye ulituma ile ukurasa ya pili imekatika, siioni, na njo kitu cha kwanza chenye nahitaji kujua.

Tuje kwa baba mudogo.

Ile ya kwake haitoke mu seli za rangi, haihusiane nazo hata kidogo. Inatoka ndani ya ngozi, mu nyama yenye inashika ngozi iwe imara. Na kosa lake si herufi moja yenye imegeuka. Ni kromozomu ya 17 na ya 22 zilikatika na zikaungwa vibaya, kipande cha moja kwa kingine, na pale zilikutana jeni mbili zenye hazikupashwa kukutana: COL1A1, yenye inaagiza kolajeni, protini ya kuipatia ngozi nguvu, na PDGFB, yenye inaagiza protini ya kuambia seli zikue. Sasa fikiri. Mu ngozi jeni ya kolajeni inafanya kazi muchana na usiku, ni kazi yake. PDGFB ikiwekwa nyuma yake inafunguka nayo muchana na usiku. Seli inatengeneza chakula chake cha kukulia, inakitoa nje, inakipokea yenyewe, inakua, na haingojee amri ya mutu.

Ukishajua hii, sura yake inaeleweka. Inakua pole pole, miaka, juu ni musukumo moja tu wa kudumu na kromozomu zingine bado nyingi ni nzima, si ule uvunjikaji wote wenye uko mu melanoma ya muguu. Ni ngumu, ngozi ya juu yake inang'aa kidogo, haiume, haitoe damu, na kwa ngozi nyeusi inafanana keloidi kabisa, hata docta muzuri inaweza kumudanganya. Kuko hata aina yake yenye iko na seli za rangi zimeingia ndani, inaonekana zaidi kwa watu weusi, hiyo mutu anaweza kusema ni melanoma. Na chini ya ile yenye unashika na kidole kuko sehemu ingine yenye huione: inaingia mu mafuta ya chini ya ngozi sawa mizizi ya majani yenye unang'oa shambani na inabaki chini, mu mikroskopu naona seli nyembamba zimepita katikati ya kila tone la mafuta. Mupasuaji akifuata yenye anaona tu, anaacha mizizi. Inarudi. Anakata tena vile vile, inarudi. Kwenda mbali mu mapafu ni mara chache, chini ya wagonjwa 5 kwa 100, isipokuwa ikigeuka ile aina kali zaidi, na kila ikirudi ile hatari inapanda kidogo. Kwa hiyo baba mudogo asiseme "nimeshaizoea".

Yeye anahitaji kukatwa mara ya tatu lakini kwa mupango: sentimetri 2 mpaka 4 za ngozi nzima pembeni yote, na kwenda chini mpaka utando wa musuli, ikiwezekana na picha ya skana mbele. Ni kidonda kikubwa, pengine watahitaji kuhamisha ngozi kufunika, aelezwe mapema ili asishituke. Kama iko kubwa sana kukata vile, kuko imatinibi, dawa ya kunywa, inafunga pale pale penye ile protini inapokelewa na inaweza kuipunguza. Lakini lazima labo ihakikishe ile muungano wa 17 na 22 iko, bila hiyo dawa haina chenye inafunga.

Na utashangaa, ile ile imatinibi njo inaweza kuzungumzwa kwa mama pia, juu inafunga na KIT. Uvimbe mbili hazifanane kwa kitu chochote, dawa moja. Ila nisikupatie tumaini la uongo: si kila badiliko la KIT linaisikia, zile za eksoni (vipande vya jeni) 11 na 13 njo zinaisikia zaidi, na hata hapo kwa wengi inashika muda fulani kisha ugonjwa unatafuta njia ingine. Ni dawa ya melanoma yenye imesambaa ao haiwezi kukatwa. Kama ya mama imetolewa yote na maganglio ni safi, hakuna haja ya kuikimbilia.

Kuhusu kurithi, ziko hali zenye kweli zinapita mu familia na ni vizuri uzijue ili uone hazifanane na yenu. Kuko neurofibromatozi, jeni ya NF1: mabaka ya kahawia sita ao zaidi toka utotoni, kisha vinyama laini vingi mwili mzima, na muzazi mwenye ako nayo kila mutoto wake ako na nafasi nusu kwa nusu, ijapokuwa karibu nusu ya wagonjwa ni wa kwanza mu familia yao. Kuko xeroderma, watoto wenye jeni zao za kutengeneza makosa ya jua hazifanye kazi, ngozi inakauka na kujaa madoadoa mbele ya miaka miwili, na kanseri ya ngozi inaweza kuja kabla hata hawajafika miaka kumi, hao jua lisiwapige hata kidogo. Na kuko ndugu zetu wenye ualbino. Kwa Afrika mara nyingi ni kipande kimepotea mu jeni ya OCA2, kimetoka kwa baba na kwa mama wote wawili. Wao seli za rangi wako nazo, hazitengeneze melanini ya kutosha, na kanseri yao kubwa si melanoma, ni ile ya seli za juu za ngozi, pa uso, masikio, shingo, midomo, inaanza na gamba kavu lenye halipone. Kama kuko muzazi anasoma hapa mwenye mutoto wa ualbino: kofia pana, mikono mirefu, na gamba lenye linapita mwezi bila kupona lipelekwe. Hii inaokoa watu kweli.

Sasa fanya hivi, na nakulomba usichelewe.

Ku labo uliza bloki ya parafini ya mama iko wapi. Ni kile kipande kidogo cha nta chenye nyama yake imefungwa ndani, kinakaa miaka na miaka, na jeni zote zinasomwa kutoka pale. Ni mali yake, muweze kuitumia kama docta mwingine anahitaji kupima tena. Uliza unene kwa milimetri. Uliza kama waligusa ao walipiga ekografi maganglio ya pa kinena upande wa ule muguu, na kama pembeni zote za kipande zilikuwa safi.

Musimuwekee majani ya kuchoma pa kovu, wala asikate kitu na wembe. Na ile maneno ya "kisu njo kinasambaza kanseri", najua imejaa mu mitaa na hata wasomi wanaisema, lakini biopsi, kukata kipande cha kupima, haisambaze melanoma. Chenye kinaisambaza ni miezi yenye inapita wakati watu wanaogopa kisu.

Wewe na wadogo zako hamuhitaji kupimwa jeni, pesa hiyo muitunze. Muangalie nyayo, katikati ya vidole na makucha mukioga, basi, sawa mutu yeyote.

Na kwa baba mudogo, siku ya kupasuliwa, mutu wa familia aulize wazi mbele: kipande chote kinaenda anapati? Kisiwekwe mu maji, kisiwekwe mu alkoli, kiwekwe mu formoli ya 10 kwa 100, formoli iwe mara kumi ya ukubwa wa kipande, kifike labo kesho yake ao kesho kutwa, juu kikikaa mule wiki nyingi jeni zinaharibika na hatuwezi tena kuzisoma. Na mupasuaji afunge uzi moja upande wa juu, mwingine upande wa kushoto wa mugonjwa, aandike ku karatasi. Vile mi ao mwenzangu tukikuta mzizi umegusa pembeni, tunaweza kumuambia ni pembeni ya wapi, arudie pale tu, asifungue kifua chote tena. Ukipata ile ukurasa ya pili ya mama, tuma picha, nitaijibu.